Jinsi nchi inavyoomba hela za IDA, na kwa nini deni ndo linaamua ipate ruzuku au mkopo

Kwanza tuelewane, IDA ni ule mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini, upo toka 1960, na NGO au halmashauri haiendi kuomba yenyewe, anayeomba ni serikali kupitia Wizara ya Fedha, kwaiyo kama una andiko la mradi lipitishe huko.

Hatua ya kwanza angalia nchi iko kundi gani. Kenya kwa mfano inakopa IDA na pia IBRD, yani tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kwa masharti ya karibu na soko, na nchi za hivyo hazipewi ruzuku za kawaida za IDA hata riski ya deni ikiwa kubwa.

Hatua ya pili ndo yenyewe, weka madeni yote mezani, ya nje, ya ndani, na yale ya mashirika ya umma ambayo serikali imeyadhamini, sababu IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia wanapima kama deni ni himilivu, yani kwa nchi yenye uwezo wa kati wa kubeba deni, marejesho ya deni la nje yakizidi 15% ya mauzo ya nje au 18% ya mapato ya serikali taa inaanza kuwaka. Usifiche kitu jamani. Msumbiji 2016 iligundulika kuna mikopo ya zaidi ya dola bilioni 1 serikali imedhamini na Bunge halijui, IMF ikasimamisha programu, wafadhili wakakata msaada wa bajeti, na walioumia ni wananchi ambao hawakusaini chochote.

Hatua ya tatu, unapata rangi kulingana na riski ya deni lako. Nyekundu, yani riski kubwa, ni ruzuku tupu. Njano, riski ya kati, zamani ilikua nusu ruzuku nusu mkopo, ila toka awamu ya IDA ya Julai 2022 ikawa mkopo wa miaka 50 bila riba, 10 ya mwanzo hulipi mtaji. Kijani, riski ndogo, ni mkopo wa miaka 38, tozo 0.75% kwa mwaka. Masharti hubadilika kila awamu, soma ya mwaka wako. Na msishangilie nyekundu, maana yake wakopeshaji wengine washaanza kukukimbia au wanakupiga riba kubwa.

Hatua ya nne, kubalianeni hatua za kurekebisha deni, mfano kutoa ripoti ya deni kwa wakati au kuweka kikomo cha mikopo ya kibiashara. Usipotekeleza sehemu ya mgao inazuiwa, 10% kwa riski ya kati, 20% kwa kubwa.

Yanayobaki ni tathmini ya mradi, majadiliano, bodi ya Benki ya Dunia kupitisha, kusaini, taratibu za kisheria za nyumbani, ndo hela inaanza kutoka. Ripoti ya deni ya nchi yako mara nyingi iko wazi kwenye tovuti ya IMF, ipakue kabla hujaandika andiko.