SOMO: Kulinganisha ramani za jeni za mbu ndugu (Anopheles gambiae na funestus). Soma kabla ya kuuliza

Wakuu, nimechoka kujibu faragha swali lilelile: "Jeni yangu iko 2L kwa gambiae, mbona kwa funestus haipo?" Naeleza mara moja hapa (2L ni jina la mkono mmoja wa kromosomu, yaani upande mmoja wake). Ni kazi yenye faida kwetu: Bonde la Kilombero funestus ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria, ila mengi yalichunguzwa kwanza kwa gambiae.

1. Shusha jenomu zote mbili VectorBase (hifadhidata ya mtandaoni ya jenomu za mbu na wadudu wengine), pamoja na faili zinazoonyesha kila jeni iko wapi. Andika namba ya toleo.

2. Tafuta jeni ndugu kwa kulinganisha protini. Baki na zenye mwenza mmoja tu kila upande. Familia za jeni zilizorudufika, kama P450 (vimeng'enya vinavyovunja sumu), weka kando kwanza.

3. Majina ya mikono ya kromosomu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Spishi zote mbili zina X, 2R, 2L, 3R na 3L, lakini majina walipewa kila moja kivyake. X ni X, 2R ni 2R, 3L ni 3L. Ila 2L ya gambiae ndiyo 3R ya funestus, na 3R ya gambiae ndiyo 2L ya funestus: mikono mizima ilihama. Jipime kwa jeni ya VGSC, ambamo hutokea kdr (badiliko la usugu wa viuadudu): gambiae iko 2L, funestus 3R. GSTe2, jeni nyingine ya usugu, nayo: gambiae 3R, funestus 2L.
ONYO: usibadilishe majina ndani ya faili asilia, utajisahau. Ongeza safu mpya.
ONYO LA PILI: mkono kuwa uleule hakumaanishi mpangilio ni uleule. Ulinganisho wa mwaka 2002 ulikadiria migeuko (vipande vya kromosomu vilivyopinduka) isiyopungua 70 tangu spishi hizi zitengane. Jirani wa jeni yako huku anaweza kuwa mwisho wa mkono kule, kwa hiyo usikisie mahali kwa kutazama majirani.

4. Chora nukta moja kwa kila jozi ya jeni ndugu, kwa mahali pake: gambiae mlalo, funestus wima. Mstari unaopanda, mpangilio haujaguswa. Unaoshuka, kipande kimepinduka.

5. Ramani za sentimogani (umbali unaopimwa kwa jinsi alama zinavyorithiwa) usizilinganishe na umbali wa besi (herufi za DNA) moja kwa moja. Mzazi akiwa na nakala moja iliyopinduka na moja ya kawaida, alama za eneo hilo hurithiwa kwa pamoja na kuonekana zimebanana.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo 2L ni 2L au siyo?
Hatua ya 3.

– Nimefuata yote kwa Aedes aegypti, X haionekani. Somo lako lina kasoro.
Kichwa cha somo kimetaja mbu gani? Aedes hana X na Y za maumbo tofauti. Jinsia huamuliwa na eneo la kromosomu 1. Jenomu yake nayo ina besi kama bilioni 1.25, gambiae hafiki milioni 300.

– Gambiae na arabiensis je? Wako karibu sana, kuna haja?
Swali zuri. Mikono haijahama, migeuko ipo. Arabiensis wote wana 2La, mgeuko mkubwa wa mkono wa 2L. Kwa gambiae wengine wanayo, wengine hawana. Jenomu rejea ya gambiae, PEST, haina 2La, kwa hiyo utaona kipande kikubwa cha 2L kimelala kinyume. Usirudie kazi, ndivyo kilivyo. Kisha itazame X kwa makini: gambiae ana migeuko ya Xag, arabiensis ya Xbcd (herufi ndogo ni majina ya migeuko). Madume chotara wao ni tasa, na X inachangia sana. Ukichora, tuwekee hapa tuone.

– Nataka kuhakiki kromosomu kwa hadubini. Naanzia wapi?
Jike aliyekunywa damu jana, tumbo nusu jekundu nusu jeupe. Ovari zake, ambamo utatazama kromosomu, ziweke kwenye Carnoy, kimiminika cha kuhifadhi: ethanoli sehemu 3, asidi asetiki kali sehemu 1. Ichanganye siku hiyohiyo.

– Formalini inafaa badala ya Carnoy?
Hapana.