Namna ya kuandika historia ya mji wenu mdogo, mi nilivyoanza na Muheza

Muheza siku hizi wengi tunalala tu, alfajiri mtu keshapanda haisi yuko njiani kwenda kazini Tanga mjini na kurudi ni usiku, ndo maana ukimuuliza mji wake umetokea wapi anakwambia machungwa, basi.

Ukitaka kuandika ya kwenu anza na reli. Wajerumani walianza kuijenga pale Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Moshi ni mpaka 1911. Nenda stesheni kwa miguu, angalia nyumba kongwe zimeelekea wapi, chora kwenye daftari hata kama hujui kuchora.

Halafu wazee, na hapa ndo penye kazi. Usimuulize mzee mji ulianza lini, atakwambia zamani sana mwanangu na stori imeishia hapo. Mpe shikamoo, kaa, muulize siku ya kwanza wazazi wake walipofika hapa walifikia kwa nani. Kama ni Mbondei atakwambia wao hawakufika, walikuwepo, basi muulize pale penye mashamba ya mkonge paliitwaje kabla ya mkonge. Wengine wazee wao walikuja kama manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, wametoka mbali huko, Songea, Burundi, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi kabisa ya kuwakusanya, SILABU. Bibi mmoja jirani yetu nilipomuuliza hivyo akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa, mna kipande, ile kadi ya kazi ya marehemu baba yake, karatasi imekuwa rangi ya chai, kila siku aliyofanya kazi imetiwa alama. Zikitimia siku 30 ndo analipwa, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haihesabiwi, kwa hiyo siku 30 zile mwezi haukutosha. Nilikishika kwa mikono miwili jamani.

Kitu kama hicho usiondoke nacho, piga picha hapohapo mbele na nyuma.

Miaka wazee hawashiki, wanashika matukio. Uliza ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, Azimio la Arusha ulikuwa ushaolewa, vita ya Idi Amini mtoto wa kwanza alikuwa darasa la ngapi, hapo unapata 1961, 1967, 1978 bila kumsumbua. Wakipishana wawili andika maneno ya wote.

Ukimaliza usiprinti kwanza, rudi umsomee kwa sauti. Mi bibi alinisimamisha mara mbili, majina ya kambi za manamba nilikuwa nimeyakosea.