Jinsi ya kulijua jiwe kwa msumari na siki tu

Kila likizo nazungusha wanafunzi milimani na swali ni lile lile, mwalimu hili jiwe gani, sasa naandika hapa ninavyofanya mwenyewe, maabara huhitaji. Beba nyundo, msumari, siki nyeupe na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Lipasue. Jiwe halijulikani kwa ngozi yake, jua na mvua vimeshalila, unaweza kukuta nje kahawia ndani jeusi tii. Lifunge kwenye kitambaa ndo upige, vipande vinaruka machoni.

Hatua ya 2: Angalia punje pale palipopasuka, vuta na kamera. Ukiona punje kubwa zimeshikana kama karanga kwenye kashata, nyeupe, pinki, na vidoa vyeusi vinavyometa, hiyo granaiti, magma (mwamba ulioyeyuka) imepoa polepole chini ya ardhi fuwele, yaani hizo punje, zikapata muda wa kukua, yale majabali ya Mwanza yaliyosimama ziwani ndo hayo. Jeusi, zito, punje huzioni? Basalti, lava iliyopoa haraka juu. Matundu ni gesi ilitoroka, na likiwa jepesi mpaka unashangaa litupe kwenye ndoo ya maji, pumisi inaelea. Punje zikipukutika kama mchanga basi ni mchanga kweli, maji au upepo uliuleta ukashindiliwa, huo mwamba tabaka. Na zikiwa zimejipanga mistari mistari, jiwe lilibanwa na kupikwa bila kuyeyuka, huo mwamba geu.

Hatua ya 3: Kwaruza na msumari. Kwatzi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo, haichubuki, kinachobaki ni mstari wa kijivu wa chuma cha msumari wenyewe, futa na kidole utaona unatoka (hapa wengi wanadanganyika). Jiwe la Kisii la kuchongea vinyago linachubuka hata kwa kucha. Halafu machimbo yake yako mahali panaitwa Tabaka, basi kila mwaka kuna mtoto ananiandikia ni mwamba tabaka, hapana jamani, ni mwamba geu, Tabaka ni jina la mahali tu!

Hatua ya 4: Siki. Kwanza kwangua upate unga kidogo, maana siki haina nguvu kama asidi ya maabara, dondoshea, sogeza na sikio. Likitoa povu ni chokaa, kama mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe. Ila mimi niliwahi kuokota jiwe zuri la duara ufukweni, likatoa povu, nikawahubiria watoto dakika kumi jinsi matumbawe yanavyogeuka mwamba, tukalipasua, ndani kipande cha nondo. Zege. Ndo maana kupasua nimeiweka hatua ya 1.

Na ukiwa Oldoinyo Lengai usishangae lava yenyewe ikitoa povu, ule mlima lava yake ni ya kaboneti, jamii ile ile inayofanya chokaa itoe povu, inatoka nyeusi na baada ya siku chache unyevu unaigeuza nyeupe, kwa hiyo pale povu lisikufanye uandike chokaa.