Kumtambua Mnyama kwa Kipande cha Mfupa: Mwongozo wa Kupima Kolajeni

Anayechekecha udongo wa magofu ya Shanga katika Kisiwa cha Pate, au ya Gede karibu na Malindi, hubaki na lundo la vipande vya mifupa visivyotambulika kwa macho, kwa kuwa ncha na viungo vinavyomtambulisha mnyama vilivunjika zamani jikoni, kinywani mwa mbwa au chini ya nyayo za watu. Tangu mwaka 2009 imekuwepo njia ya kuvisoma vipande hivyo kwa kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote katika mfupa, ambayo mpangilio wa asidi amino zake hutofautiana kidogo baina ya mnyama na mnyama, na ambayo kwa kawaida hustahimili joto kuliko DNA.

Busara kubwa inahitajika wakati wa kuchagua vipande. Vilivyoungua hadi kuwa vyeusi, vya kijivu au vyeupe viachwe, kwa sababu moto huiharibu kolajeni. Chagua vipande vigumu vya mifupa mirefu badala ya vile vyenye matundu kama sifongo, kisha anza na vile ambavyo jibu lake litabadilisha maelezo yako ya chakula cha mji. Kwa Lamu, kipande kizito cha ubavu kinastahili kupimwa mapema: mifupa ya nguva ni mizito mno, na ikivunjika hudhaniwa kuwa ya ng'ombe. Nguva kwa nasaba yuko karibu na tembo kuliko ng'ombe au pomboo, hivyo kolajeni yake haichanganyiki na ya ng'ombe.

Usipake kipande gundi ya aina yoyote. Gundi ya ngozi au mifupa ni kolajeni yenyewe, na maabara itakutajia mnyama aliyechemshwa kiwandani. Kila kipande kiwe na mfuko wake, wenye namba ya shimo na ya tabaka, nacho kipigwe picha kabla ya kukatwa. Mfuko wa zamani usitupwe, kwani chembe za kolajeni hunata kwenye plastiki na mara nyingine hutosha kupimwa bila kuugusa mfupa. Kibali cha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kitangulie, na ikiwa sampuli itavuka mpaka, ombea kibali cha kuisafirisha pia.

Maabarani, miligramu 10 hadi 30 zinatosha. Kipande kilowekwe kwanza katika mmumunyo wa amonia bikaboneti, upashwe joto la nyuzi 65 kwa saa moja. Kolajeni kiasi huyeyukia majini na kipande hurudi karibu kama kilivyokuwa. Protini ikiwa haba, ndipo asidi hidrokloriki hafifu itumike, katika ubaridi wa nyuzi 4, kuondoa madini. Kimeng'enya cha tripsini huongezwa na kuachwa usiku kucha kwenye nyuzi 37, nacho huikata protini kila inapokuwepo asidi amino ya lisini au ajinini. Vipande hivyo vya protini husafishwa, huchanganywa na kemikali inayofyonza mwanga wa leza, hukaushwa kwenye kisahani cha chuma, na spektromita hupima uzito wa kila kimoja.

Karatasi ya majibu huonyesha vilele, kila kimoja kikiwa na namba ya uzito wa kipande kimoja cha protini. Mbuzi na kondoo, wanaowasumbua wataalamu wa mifupa kila mahali, hutengana hapa: kondoo ana kilele cha 3033, mbuzi cha 3093. Ukiona 3017 au 3077 usidhani umepata mnyama wa tatu, kwani ni vilele vile vile, vikiwa vimepungukiwa na atomu moja ya oksijeni, yenye uzito wa 16. Hata hivyo usihukumu kwa kilele kimoja. Linganisha vyote na orodha ya wanyama wanaojulikana, wakiwemo swala wa Afrika, ambao baadhi yao hukaribiana sana na mifugo.

Jibu liandikwe kwa kiwango ambacho vilele vinakiruhusu. Kolajeni ya punda na ya farasi haitenganishwi kwa njia hii ya tripsini, na katika mji uliojaa punda kama Lamu mkono huvutwa kuandika punda. Andika jamii ya farasi. Kilele cha kuwatenga mbuzi na kondoo kisipoonekana, andika mbuzi au kondoo. Kipande kisichotoa kilele chochote nacho kiingizwe kwenye jedwali pamoja na tabaka lake, ili atakayechagua sampuli msimu ujao ajue ni tabaka gani limekwisha kuiharibu kolajeni.