Chamonix au Avoriaz? Anza na asiyeteleza

Ikifika Novemba, ndugu na jamaa wa hapa Geneva huanza kupiga simu, na swali ni lile lile: safari hii twende theluji ya wapi, Chamonix au Avoriaz? Zote ziko upande wa Ufaransa, Haute-Savoie, na kwa gari hakuna tofauti kubwa ukitokea mjini kwetu, kwa hiyo umbali usikuumize kichwa. Hata zile kilomita za njia za kutelezea kwa skii wanazozitangaza, ziache kwanza. Avoriaz imo ndani ya eneo la Portes du Soleil, lenye kama kilomita 600 na vijiji 12, vingine Ufaransa vingine Uswisi. Nani kati yetu atazimaliza? Mtu wa Tanga mimi, nikishuka mteremko mmoja wa kijani, ule rahisi kuliko yote, bila kukaa kitako nasema alhamdulillah.

Andika majina ya wote mtakaokwenda, kisha weka alama kwa aliyekwisha kusema hatateleza kabisa, na kwa anayejifunza. Hao ndio wachague. Anayejua kuteleza atafurahi popote.

Asiyeteleza anafaa Chamonix. Ni mji hasa: una treni, maduka, soko la Jumamosi, na ndiko ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Wifi yangu alipokuja kututembelea hakutaka hata kuvigusa viatu vya skii. Akapanda treni nyekundu ya Montenvers hadi kwenye mto wa barafu wa Mer de Glace, akaangalia weee, akasema, "Kumbe friza kwao ndiko huku." Alishinda siku nzima na hakuuliza tunarudi lini.

Gari la nyaya la Aiguille du Midi ni jambo jingine. Linakupandisha hadi mita 3,777, kisha lifti ya ndani ya mwamba inakumalizia hadi 3,842. Kambi ya Horombo kule Kilimanjaro iko mita 3,720, na wapandaji wa njia ya Marangu huifikia siku ya pili kwa miguu. Hapa unafika juu zaidi ya hapo kwa dakika kama 20. Pumzi inakata na kichwa kinazunguka. Mzee mwenye presha au moyo, na mjamzito, wamuulize daktari kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hapandi. Na hata kama mjini kuna jua, vaeni kila mlichonacho.

Anayejifunza mpeleke Avoriaz, hasa akiwa mtoto. Sababu yangu kubwa ni viatu. Kiatu cha skii ni plastiki ngumu, kifundo cha mguu hakikunjiki, unatembea kama roboti. Sasa Chamonix miteremko imetawanyika: Brévent na Flégère huku, Grands Montets kule Argentière, Balme mwisho wa bonde, Les Houches upande mwingine kabisa. Mara nyingi utapanda basi. Jione umesimama kituoni asubuhi, skii zako begani, za mtoto kwapani, yeye ameshapoteza glovu moja na anataka kukojoa, na basi ndilo hilo linaingia limejaa. Mkifika mlimani mmeshachoka na somo halijaanza.

Avoriaz ilijengwa miaka ya 1960 kwa wazo la kutoingiza magari, na mpaka leo hayaingii. Barabara zake ni theluji. Unaliacha gari maegesho ya mlangoni (weka nafasi mapema), mizigo inapelekwa kwa kigari kinachokokotwa na farasi, na kuanzia hapo unafunga mlango wa nyumba, unavaa skii, unaondoka. Shule ya watoto, Village des Enfants, iko katikati ya kijiji na inapokea kuanzia miaka mitatu. Isitoshe kijiji kiko mita 1,800, wakati mji wa Chamonix uko 1,035 tu. Krismasi mvua inaweza kunyesha Chamonix huku Avoriaz kukianguka theluji.

Mkiwa na wote wawili, bibi asiyeteleza na wajukuu wanaojifunza, mimi nachagua Avoriaz. Bibi atapanda kigari cha farasi, atakwenda Aquariaz kwenye mabwawa ya maji ya vuguvugu yenye mimea ya kitropiki ndani. (Mtu atoke Pwani kufuata baridi, kisha alipie tena joto! Haya.) Mkiwa watu wazima peke yenu, nendeni Chamonix, na mtafute chumba karibu na Savoy au Les Planards, miteremko ya wanaoanza iliyo pale pale mjini.

Tarehe: likizo za shule za Ufaransa za Februari zikwepeni mkiweza, bei hupaa na foleni hazisogei. Januari baada ya mwaka mpya ni nafuu.

Pasi ya lifti (tiketi ya vyombo vya kukupandisha mlimani) msinunue ile kubwa. Anayejifunza hana haja na Portes du Soleil yote wala Mont Blanc Unlimited, ile pasi kubwa ya upande wa Chamonix. Ulizeni ya eneo dogo la wanaoanza. Msiachie bima: inauzwa kwa siku pale pale mnaponunua pasi, kwa mfano ile ya Carré Neige, na kubebwa mlimani umevunjika mguu si bei ya mchezo. Mgeni mwenye visa ya Schengen asihofu mpaka, Ufaransa na Uswisi zote zimo, ila atembee na pasipoti yake.

Gari liwe na matairi ya baridi, au minyororo ya kufunga magurudumu, iwe nyuma ya gari. Ufaransa ilianza kuitumia sheria hiyo mwaka 2021 kwa maeneo ya milimani, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, na namba za gari za Uswisi hazikuokoi.

Chakula nunueni bondeni, kule juu kila kitu kina bei ya mlimani. Unga bebeni kutoka nyumbani. Na mwiko pia, maana vijiko vya mbao vya nyumba za kukodi ni vya kukorogea supu, ugali wa watu sita unavivunja.