Kufuata bonde hadi kwenye maporomoko

Mimi huanza alfajiri, maana mawingu ya milimani hupenda kukusanyika mchana. Kukadiria muda, natumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith alikuwa mkakamavu. Ukiwa na watoto, ongeza muda bila aibu.

Viatu viwe na soli yenye meno, tena vilivyokwisha kuuzoea mguu wako.

Kwenye kuvuka mto ndiko watu hufanya haraka. Kwanza fungua mkanda wa begi kiunoni, ili ukianguka uweze kulivua. Viatu usivue. Elekeza uso kule maji yanakotoka, chomeka fimbo mbele yako, kisha jongea kiubavu, mguu mmoja mmoja. Jiwe linalong'aa kijani ni utelezi mtupu. Maji ya kasi yakipita magoti, rudi. Yakigeuka tope ghafla, yakaanza kubeba majani na vijiti, panda juu upesi: huko juu mvua imenyesha, hata kama wewe unapigwa na jua.

Ukifika, usisimame chini kabisa ya maporomoko. Maji hayo hushuka na mawe. Kupiga mbizi dimbwini usijaribu, kina hukijui. Vaa sweta kabla hujahisi baridi, kwa kuwa manyunyu hulowesha kimyakimya. Halafu geuza mapema, kungali na mwanga wa kutosha.