Kumfuatilia Mwayalandi aliyehama karne ya 19: anza alikofia, si alikozaliwa

Wengi hukwama kwa sababu wanakimbilia madaftari ya Ayalandi wakiwa na jina na kaunti peke yake. "Mary Sullivan wa Cork" ni jina la mamia ya wanawake. Unachohitaji ni parokia, au bora zaidi kitongoji, ambacho kwenye nyaraka huandikwa townland. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na majina yake hujirudia kutoka kaunti hadi kaunti. Jina la kitongoji cha mhamaji wako mara nyingi limo katika karatasi za nchi alikohamia. Basi maliza kazi ya huko kwanza.

Usitegemee sana orodha za abiria wa meli. Zile za Marekani zilianza mwaka 1820, na kwa sehemu kubwa ya karne ziliandika jina, umri, kazi na neno moja tu, "Ireland". Bandari alikopandia meli nayo haikwambii kwao ni wapi, kwani wengi walivuka kwanza hadi Liverpool. Hati za uraia wa Marekani za kabla ya 1906, kwa kawaida, husema tu kwamba mtu anaacha utii kwa mtawala wa Uingereza.

Yanayozaa matunda ni haya. Tafuta cheti cha kifo cha mhamaji, kisha cha kila kaka na dada yake aliyehama, kwa maana mmoja wao huenda ameandikiwa parokia. Soma tanzia za magazeti na maandishi ya makaburini. Omba kuona daftari la ndoa la kanisa lenyewe, usitosheke na cheti cha serikali: baadhi ya mapadri waliandika parokia ya asili ya bwana na bibi harusi. Kwa waliofikia Marekani, gazeti la Boston Pilot lilichapisha kati ya 1831 na 1921 matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao, na mengi yanataja parokia. Kwa New York, kuna madaftari ya benki ya Emigrant Industrial Savings Bank, iliyoanzishwa mwaka 1850, ambayo mara nyingi huonyesha mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi na ndugu wa mwenye akaunti.

Aliyehamia Australia ana bahati. Vyeti vya vifo vya jimbo la Victoria, tangu 1853, vina nafasi ya majina ya wazazi, mahali pa kuzaliwa na miaka aliyokaa huko. Lakini aliyetoa habari huenda alikuwa mkwe asiyemjua mama wa marehemu, hivyo angalia ni nani aliyetia sahihi.

Ukikosa kabisa, fuata watu waliomzunguka. Waayalandi walihama kwa kuvutana, ndugu akimtumia ndugu nauli. Wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, mashahidi wa ndoa na wapangaji wa nyumba yake mara nyingi walitoka parokia ileile. Mwenye jina adimu kati yao ndiye wa kumfuata.

Sasa vuka bahari. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma kwenye Four Courts, Dublin, liliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliangamia isipokuwa vipande, na zile za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe. Sensa kamili za zamani zaidi zilizobaki ni za 1901 na 1911, ambazo zitakuonyesha ndugu waliobaki nyumbani.

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo vyote ulianza 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki, 1845. Picha za kurasa husomwa bure kwenye irishgenealogy.ie. Hapa kuna mitego miwili. Wilaya ya usajili haifuati mpaka wa kaunti: Carrick-on-Suir iko Tipperary, lakini wilaya yake ilichukua pia sehemu za Waterford na Kilkenny. Pili, aliyechelewa kuandikisha mtoto alitozwa faini, hivyo wazazi walisogeza tarehe mbele. Ukiona mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", amini ubatizo.

Kwa miaka ya kabla ya 1864, tegemeo ni madaftari ya parokia za Kikatoliki, ambayo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeyaweka bure kwenye intaneti, mengi yakifika hadi 1880. Kabla ya kutafuta, angalia daftari la parokia yako linaanza mwaka gani. Madaftari mengi ya magharibi mwa Ayalandi huanza baada ya 1820, na kutomwona mtu hapo si ushahidi kwamba hakuzaliwa hapo. Majina mengi ni ya Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Tafuta jina la ukoo likiwa na O' na bila O', na kumbuka kwamba Bridget wa Ayalandi huenda aliitwa Delia Marekani. Umri wa kwenye nyaraka upe nafasi ya miaka mitano kila upande.

Kuhakiki kitongoji, tumia Griffith's Valuation ya 1847 hadi 1864, yaani ukadiriaji wa mali kwa ajili ya kodi, inayoorodhesha wakaaji wa ardhi na nyumba. Mhamaji mwenyewe huenda hayumo. Mtafute baba au kaka.

Hatua ya mwisho wengi huiruka. Pensheni ya wazee ilipoanza kulipwa mwaka 1909 kwa wenye miaka 70, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo waliomba watafutwe katika sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua. Fomu hizo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi, na zimewekwa bure mtandaoni. Ndugu aliyebaki nyumbani akiomba pensheni, fomu yake hutaja baba, mama kwa jina la kwao, parokia na kitongoji walikoishi familia ikiwa bado pamoja.